Nzi wa Matunda Asiye na Sentrioli

Walimu wenzangu, nanyi wanafunzi mliofika hapa Kisumu,

Mwanafunzi wa sekondari akiambiwa achore mgawanyiko wa seli ya mnyama, hakosi kuweka sentrioli, yaani vijisehemu vidogo vya seli vyenye umbo la pipa, kwenye ncha mbili, kisha nyuzi zinazotoka huko na kuzishika kromosomu, zile zinazobeba jeni. Wanabiolojia wengi nao waliamini kwa muda mrefu kwamba bila vijisehemu hivyo seli ya mnyama haigawanyiki sawasawa, ilhali seli za mzizi wa kitunguu, ambazo sisi walimu hatuchoki kuziweka chini ya hadubini, hugawanyika vizuri bila kuwa navyo.

Mwaka 2006, Renata Basto, Jordan Raff na wenzao walichapisha uchunguzi wao kuhusu nzi wa matunda, jamii ya vile vinzi vinavyozagaa juu ya ndizi zilizoiva mno pale sokoni Kibuye. Nzi hao walikuwa na hitilafu katika jeni ya DSas-4, ambayo protini yake huhitajika ili sentrioli mpya ziundwe. Kiinitete huanza na akiba ya protini hiyo aliyoiweka mama ndani ya yai. Akiba ikiisha na seli zikazidi kugawanyika, sentrioli hupungua hadi zikatoweka. Hata hivyo buu alikua, akawa pupa, akatoka nzi mwenye umbo kamili, tena kwa muda uliokaribia ule wa kawaida.

Siri ni kwamba nyuzi hizo huota pia kandokando ya kromosomu zenyewe, kisha protini za mota, yaani zile zinazotembea juu ya nyuzi na kuzivuta, huzipanga na kuzikusanya mpaka ncha mbili zipatikane, ingawa kazi hiyo huchukua muda zaidi. Katika seli zinazozaa neva za buu, ambazo kila zikigawanyika hutoa seli binti moja kubwa na nyingine ndogo, takriban asilimia 30 ya migawanyiko ilikuwa na kasoro. Mimi hustaajabia zaidi ile asilimia 70 iliyobaki.

Nzi hao walikufa upesi, lakini kwa sababu nyingine kabisa. Neva zinazohisi mkao wa viungo zinahitaji silia, yaani vijinywele vidogo vya seli, na silia huota juu ya sentrioli. Asiye nazo hawezi kuratibu mwendo wake.

Tusiharakishe kumpima kila mnyama kwa kipimo cha nzi. Kwa panya, kiinitete kikikosa sentrioli, protini ya p53, mlinzi wa seli dhidi ya kasoro, huzifanya seli zake zife. Binadamu naye ana jeni inayolingana na DSas-4, iitwayo CPAP, na hitilafu yake inaweza kumfanya mtoto azaliwe na kichwa kidogo kwa kuwa ubongo haukukua ipasavyo.