Siku ya Jembe na Ufagio: Qingming, Sikukuu ya Wachina ya Makaburi

Asanteni. Shikamooni wazee wangu, na nyinyi wengine habari za jioni. Mwenyekiti amenipa nusu saa, na amenionya kwamba chai imeshatengwa huko nyuma, kwa hiyo najua nashindana na maandazi.

Nimeombwa nizungumzie sikukuu moja ya Wachina. Najua wengi mlitarajia Mwaka Mpya wao, ule wa ngoma ya simba na fataki, maana ndio unaoonyeshwa kwenye televisheni. Mimi nimechagua isiyo na ngoma. Inaitwa Qingming, tamkeni "ching-ming". Qing ni kitu safi kisicho na tope, kama maji ya chemchemi. Ming ni chenye mwanga. Lakini ukikutana na Mchina asubuhi ya siku hiyo ukamuuliza anakwenda wapi, atakujibu kwa maneno mengine kabisa: sao mu. Maana yake, naenda kufagia kaburi.

Kufagia. Neno hilo ndilo lililonileta mbele yenu.

Mara ya kwanza nilialikwa na mwanafunzi mwenzangu, mwaka wangu wa pili wa masomo kule jimbo la Zhejiang, mashariki mwa China. Kwa kuwa nakwenda makaburini, nikavaa suruali nyeusi na viatu vya ngozi, nikaandaa na uso wa msibani. Tukashuka kwenye basi kijijini kwao, mvua ya rasharasha inanyesha, ukungu umefunika mlima, mashamba ya chai yamepandishwa juu ngazi kwa ngazi. Baba mwenye nyumba akaniangalia miguu, akacheka, akaniletea viatu vya mpira na jembe.

Tukapanda mlima familia nzima: babu wadogo, shangazi, watoto, na bibi mwenye nyumba aliyekuwa na miaka themanini na kitu na aliyekataa kushikwa mkono. Kaburi lilikuwa limejengwa ubavuni mwa mlima, kama kiti kikubwa chenye mikono kimeegemea udongo. Mwaka mzima mvua imenyesha, mianzi imechipua, majani yamefunika njia. Basi kila mtu akashika chake. Mimi nilipewa kung'oa vichipukizi vya mianzi, kazi ambayo siwatakii, maana mizizi yake ni kama kamba ya meli. Wengine walifagia majani, wengine wakaongeza udongo mpya juu ya kaburi. Kijana mmoja alikuwa na mikebe miwili ya rangi, nyeusi na nyekundu, akipita juu ya herufi zilizochongwa kwenye jiwe, moja baada ya nyingine. Mkumbuke rangi hizo.

Kazi ilipokwisha, juu ya kaburi ikawekwa karatasi na kukandamizwa kwa jiwe. Hiyo ni alama ya kila mpita njia: huyu ana watu wake, wamefika mwaka huu. Kisha chakula. Kuku mzima na kichwa chake, kipande cha nyama ya nguruwe, machungwa, vikombe vitatu vidogo vya pombe, na vijiti vya kulia vimepangwa kama mezani. Udi ukawashwa. Kila mmoja, kwa umri, akainama mara tatu. Bibi hakuinama. Alisimama karibu na jiwe akaanza kumpasha mumewe habari: nani ameoa, nani amepata kazi mjini, bei ya chai mwaka huu, na kwamba leo kuna mgeni katoka mbali, mweusi, anang'oa mianzi vibaya.

Tukasubiri udi uishe, maana wakati ule marehemu anakula. Ulipokwisha, chakula kile kile tukakigawana tukala, tumekaa juu ya mawe ya kaburi. Watoto wakashuka uwanda wa chini kurusha tiara. Kwa mila ya zamani, tiara ikifika juu sana unakata uzi iende zake na mikosi yako. Watoto wale hawakukata. Walikuwa wameinunua kwa pesa.

Hakuna aliyelia. Nilirudi bwenini na malengelenge mikononi, na jambo moja likinisumbua: sisi kwetu tunamsitiri mtu siku ya kwanza kwa heshima kubwa, tunafanya arobaini, tunasoma hitima, halafu mara nyingi nyasi zinachukua nafasi. Nasema mara nyingi, sisemi kila mahali. Najua wapo wanaofyeka kila mwaka na wapo wanaosoma Yasini kila Ijumaa. Lakini jembe kama ibada, hilo nililikuta kule.

Sasa tarehe yake. Watu husema Wachina wanafuata mwezi, na kwa sikukuu zao nyingi ni kweli, ndiyo maana Mwaka Mpya wao unahama kati ya Januari na Februari. Qingming haihami. Kila mwaka ni tarehe 4, 5 au 6 Aprili. Sababu ni kwamba pembeni ya hesabu ya mwezi wanayo hesabu ya jua: mwaka umegawanywa vipande 24, kila kimoja siku kama 15, na Qingming ni cha tano tangu majira ya kuchipua yaanze. Ni siku ya 15 hivi baada ya siku ile ya Machi ambayo usiku na mchana hulingana.

Mtu wa bara anaweza kuona ni mambo magumu. Mtu wa pwani hapaswi kushangaa hata kidogo. Babu zetu walifunga Ramadhani kwa mwezi, lakini walipotaka kupanda au kutweka tanga walihesabu miongo tangu Nairuzi, mwaka mpya wetu wa jua, siku kumi kumi. Makunduchi bado wanaoga mwaka kila Julai. Mwezi hauwezi kumwambia mkulima lini mvua itakuja, basi kila jamii yenye akili imeweka kalenda mbili ndani ya nyumba moja. Vipande hivyo 24 vya Wachina viliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2016. Ya kwetu, wenye kuijua wanazeeka.

Kwa hiyo Qingming kwanza ilikuwa tangazo la shamba. Wakulima wana msemo: karibu na Qingming, panda matango na maharage. Chai ya Longjing inayochumwa karibu na Hangzhou kabla ya siku hiyo ndiyo laini na ghali kuliko zote. Inayochumwa wiki mbili baadaye bei inashuka. Ni siku ya kuingiza jembe ardhini. Na kwa kuwa jembe limeshatoka ghalani, naona haikuwa ajabu kupita na kwa wazee waliolala ardhini humo humo.

Makaburi yenyewe, hata hivyo, yaliingia kwa mlango wa sikukuu jirani, ya Chakula Baridi, iliyohesabiwa siku 105 baada ya ule usiku mrefu wa Desemba. Siku hizo moto haukuwashwa, mlikula vilivyopikwa jana. Na hapo kuna hadithi, ngoja nikae vizuri.

Palikuwa na mwana wa mfalme wa dola ya Jin, jina lake Chong'er, aliyekimbia fitina za nyumbani akatangatanga ugenini miaka 19. Siku moja njaa imewafikisha mwisho. Mmoja wa wafuasi wake, Jie Zitui, akaenda kando, akajikata nyama ya paja lake, akaipika mchuzi, akampa bwana wake. Mwaka 636 kabla ya Kristo Chong'er akarudi kutawala, akagawa vyeo kwa wote waliosota naye. Akamsahau Jie Zitui. Jie naye hakudai. Akambeba mama yake mzee wakaenda kuishi mlima Mianshan, katika jimbo ambalo leo ni Shanxi. Mtawala alipokumbushwa akaona aibu, akamfuata mlimani, hakumpata. Mshauri mmoja, na washauri wa namna hii hamtakosa kuwajua, akasema: tuwashe moto pande tatu, atatokea upande wa nne. Moto ukawaka. Hakutoka mtu. Walimkuta yeye na mama yake wameungua chini ya mti wa wilo. Ndipo mtawala akaamuru siku hiyo asiwashe mtu moto.

Hadithi tamu, lakini sitawadanganya: kumbukumbu za kale zaidi zinasema tu kwamba Jie alijificha na mama yake mpaka akafa. Paja na moto viliongezwa na wasimuliaji wa baadaye. Watu waliiamini hata hivyo, na kwa bidii ya kuumiza: baadhi ya sehemu za Shanxi walikaa bila moto siku nyingi katika baridi kali, hadi mtawala Cao Cao, mwanzoni mwa karne ya 3, akapiga marufuku kwa kuwa wazee na watoto walikuwa wakiumia. Marufuku haikushika. Wakati wa nasaba ya Tang, mfungo ulipokwisha, kasri lilikuwa likiwagawia maofisa moto mpya siku ya Qingming yenyewe. Na mwaka 732, mfalme Xuanzong alipoona raia wameshazoea kwenda makaburini siku za Chakula Baridi, akaiingiza desturi hiyo kwenye taratibu rasmi. Baada ya karne kadhaa Chakula Baridi kikafifia, Qingming ikarithi kila kitu, pamoja na vyakula vya baridi.

Chakula chenyewe nakipitia haraka, tusije tukasahau maandazi. Huko nilikokuwa ni qingtuan, vidonge vya kijani vya unga wa mchele unaonata, rangi yake inatokana na maji ya majani ya jamii ya pakanga, ndani kuna maharage mekundu yaliyopondwa na sukari. Vinaliwa vimepoa. Vina uchungu kidogo, na vinang'ang'ania meno.

Jambo linalowashangaza wageni ni kuchoma pesa. Pesa za karatasi za kuzimu, noti zenye sifuri nyingi kuliko za nchi yoyote, zinachomwa ili marehemu awe na matumizi. Siku hizi dukani kuna nyumba za karatasi, magari ya karatasi, simu za karatasi na chaja yake. Msicheke sana. Nyuma ya karatasi hizo kuna hofu ya zamani: mtu aliyekufa bila kizazi cha kumhudumia anageuka mzimu mwenye njaa, anazurura. Lakini serikali inachukizwa na moshi, na kila Aprili watu wanahimizwa kutumia maua badala ya moto, kwa sababu misitu huungua kweli. Sasa utaona krisanthemu nyeupe na za manjano zimejaa makaburini. Ukienda China, usimpelekee mchumba maua hayo.

Siasa pia imepita hapo. Zhou Enlai, waziri mkuu wa China, alifariki Januari 1976, na Qingming ya mwaka huo watu kwa maelfu wakapeleka mashada ya maua uwanja wa Tiananmen, mengi yakiwa na maneno makali dhidi ya waliokuwa madarakani. Usiku mashada yakaondolewa, na tarehe 5 Aprili uwanja ukachafuka. Mwenye kutaka kulalamika alikuwa amepata siku ambayo huwezi kumkataza mtu kuomboleza. Miaka mingi baadaye, kuanzia 2008, Qingming ikafanywa mapumziko ya kitaifa China bara. Tarehe 4 Aprili 2020 nchi nzima ilisimama dakika tatu, magari na meli zikipiga honi, kwa ajili ya waliokufa kwa korona. Nayo ilikuwa Qingming.

Zhou Enlai huyo ndiye aliyekuja Dar es Salaam Juni 1965, na ndiye anayekumbukwa pamoja na reli ya Uhuru, yaani TAZARA. Kilomita 1,860 kutoka hapa hadi Kapiri Mposhi, Zambia, zilizoanza kujengwa 1970 na kukabidhiwa 1976. Baadhi ya Wachina waliojenga hawakurudi kwao. Zaidi ya sitini wamezikwa Gongo la Mboto. Wengi wenu mmepita na daladala za njia ile bila kujua. Kila mwaka ikikaribia Qingming ubalozi wao na Wachina wanaofanya kazi hapa huenda na maua, na Watanzania nao huwa hapo. Fikirieni hofu niliyowatajia: mtoto wako yuko ng'ambo ya bahari, nani atakufagilia? Nendeni siku moja mtazame. Majani yamekatwa.

Naona mwenyekiti anaangalia saa. Nilisema mkumbuke mikebe ya rangi.

Kijana aliyekuwa akipaka herufi alichoka, akanipa mimi brashi ya rangi nyekundu. Kwenye jiwe palikuwa na majina mawili, pembeni kwa pembeni. La kushoto lilikuwa jeusi tayari. La kulia likabaki kwangu. Nikawa napaka polepole, ulimi nje kama mtoto wa chekechea. Nikamuuliza rafiki yangu mbona hili ni jekundu. Akasema la marehemu huwa jeusi. Jekundu ni la ambaye bado yu hai, nafasi yake imeshawekwa. Nikauliza ni nani huyo. Hakujibu, alinyoosha tu kidevu kumwelekea bibi.

Bibi alikuwa nyuma yangu muda wote. Akainama, akaniwekea kidole kwenye jiwe, akasema nimeruka mstari mmoja, ule mfupi wa chini, niurudie.