Mboji ya Mahindi: Kutoka Lundo Hadi Shimoni

Karibuni tena shambani, wakulima wenzangu. Hapa ni Mbozi, mwezi wa nane, mahindi tumeshavuna. Mabua haya nyuma yangu wengi huyatia moto. Mimi nayaweka, kwa sababu mvua zetu huanza mwishoni mwa Novemba na mboji, yaani mbolea ya mabaki yaliyooza, inataka kama miezi mitatu. Ukianza Oktoba, imekula kwako.

Katakata mabua, vipande vifupi kama kiganja. Chagua kivuli, pima upana mita moja na nusu, urefu mita mbili. Chini laza vijiti ili hewa ipite, juu yake mabua, kimo cha sentimita 20. Mwagia maji. Halafu majani mabichi, halafu samadi ya ng'ombe, unene wa vidole vinne. Majivu nyunyiza kidogo tu, yakizidi yanafukuza naitrojeni, chakula cha mmea. Rudia hadi kifuani, kisha funika kwa majani ya migomba.

Sasa fimbo hii, ichomeke hadi katikati ya lundo. Hapa ni siku ya tano, naichomoa... mnaona nahamisha mikono? Inaunguza. Ndivyo tunavyotaka. Ikitoka baridi na kavu, mwagia maji. Ikitoka inateleza na kunuka vibaya, maji yamezidi, pindua na uchanganye mabua makavu. Hata likienda vizuri, lundo pindua wiki ya tatu na ya sita.

Haya, sasa ni Novemba. Fumbata mboji hivi. Nyeusi, inamung'unyika, inanukia udongo ulionyeshewa mvua ya kwanza. Ukikuta bua bado unalitambua, rudisha lundoni. Mimi mwaka juzi nilikuwa na haraka, nikasema yatamalizia kuoza shimoni. Mahindi yakafika magotini yote ya njano! Vijidudu vinavyoozesha mabua vilikuwa vinagombania naitrojeni ileile na mizizi.

Tunapanda. Mstari hadi mstari sentimita 75, shimo hadi shimo 60. Kwa vipimo hivyo eka moja ina mashimo karibu 9,000, kwa hiyo usiimwage mboji shamba zima, itapotelea huko. Weka shimoni, kopo moja kila shimo. Kopo langu hili linachota nusu kilo. Piga hesabu: eka nzima ni tani nne na nusu, na lundo kama lile hunipa tani moja hivi. Basi anza na robo eka, ile sehemu iliyochoka zaidi.

Na msidanganywe kwamba mboji ni sawa na mbolea ya dukani. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni. Mboji ya kawaida, kilo 100 hutoa kilo moja au zaidi kidogo, na haiachii yote msimu mmoja. Inachokupa zaidi ni udongo unaoshika maji mvua ikikatika. Kwa hiyo mahindi yakifika magotini mimi bado naweka mbolea ya dukani ya kukuzia, ila siku hizi natumia kidogo kuliko zamani.

Shimo la kwanza hili. Kopo moja, changanya na udongo, mbegu mbili, fukia sentimita tano. Mama Neema, vuta kamba upande huo, imelegea.