Ini lenye mafuta na saratani: mhadhara kwa wakazi wa Ujiji

Asalaam aleykum. Wazee wangu, kina mama, na nyie vijana wa bodaboda mlioacha abiria mkaja, ahsanteni.

Ukitaja saratani ya ini hapa Kigoma, mawazo ya watu huenda kwenye pombe au homa ya ini. Hawakosei. Virusi vya homa ya ini B bado ni chanzo kikubwa cha saratani hii barani Afrika, na mahindi na karanga zenye sumukuvu huongeza hatari. Watoto wetu wanachanjwa dhidi ya virusi hivyo tangu 2002. Lakini leo nazungumzia mtu asiyegusa pombe, aliyepima homa ya ini akakutwa hana, na bado ini lake linaharibika. Watu wa namna hiyo wanaongezeka.

Chakula kikizidi mahitaji ya mwili, hasa vitu vyenye sukari, ini hugeuza ziada kuwa mafuta. Kwa mwenye kitambi au kisukari, insulini, homoni inayodhibiti sukari mwilini, haifanyi kazi sawasawa, kwa hiyo mafuta ya mwilini nayo huingia kwenye damu na kuishia ini. Duniani kote, takriban mtu mzima mmoja kati ya watatu ana ini lenye mafuta. Wengi wao hawatapata saratani kamwe, kwa hiyo asitoke mtu hapa na hofu. Ila kwa baadhi, mafuta huliumiza ini, likapona kwa kovu, likaumia tena. Makovu yakienea, ini hukakamaa na kusinyaa. Hiyo ndiyo sirosisi, na mara nyingi saratani huota hapo. Kinachonitisha mimi ni kwamba kwenye ini lenye mafuta inaweza kuota hata kabla ya sirosisi, na muda wote huo mgonjwa hasikii maumivu. Macho kuwa ya manjano na tumbo kujaa maji ni dalili za mwisho mwisho.

Mwaka 2022 saratani ya ini iliua zaidi ya watu 750,000 duniani. Nasi huku mwanaume akiota kitambi, tunamwambia mambo yamemnyookea!

Sasa mawese. Najua nagusa pabaya, maana michikichi ndiyo inayolipa ada za watoto wengi humu. Mwaka 2014 watafiti wa Uppsala, Sweden, walichapisha utafiti wa vijana 39 wasio wanene, waliopewa keki za ziada kwa wiki 7. Za wengine zilitengenezwa kwa mawese, za wengine kwa mafuta ya alizeti. Uzito uliongezeka karibu sawa, lakini wa mawese ndio walioongeza mafuta mengi zaidi kwenye ini. Sisemi mng'oe michikichi wala muache mlenda wa mawese. Walikuwa wanakula kupita kiasi, na hilo ndilo jambo la kuangalia: mama, punguza kile kijiko cha pili kwenye migebuka, na soda isiwe kinywaji cha kila siku mezani. Soda naiogopa kuliko mawese.

Habari njema ni kwamba ini husamehe. Mtu wa kilo 90 akipungua kilo 7 hadi 9 taratibu, mafuta hupungua sana na hata uvimbe wa ndani hutulia. Kutembea kwa haraka husaidia hata kabla mizani haijashuka. Na wazee wa baraza, kahawa yenu chungu imehusishwa katika tafiti nyingi na kupungua kwa makovu na saratani ya ini. Tatizo ni kashata zinazoandamana nayo.

Mwenye kisukari, presha au kitambi, ukienda kliniki muulize daktari kuhusu ini. Umri wako, idadi ya chembe sahani za damu (zile zinazosaidia damu kuganda) na vimeng'enya viwili vya ini vinatosha kumwonyesha kama makovu yanashukiwa. Utrasaundi huonyesha mafuta, ingawa yakiwa machache inaweza isiyaone. Zile chupa za "kusafisha ini" zinazouzwa sokoni, tafadhali ziacheni. Nyingine zenyewe huliharibu.

Aliyekwisha kuambiwa ana sirosisi, apigwe utrasaundi kila baada ya miezi 6, hata akijisikia mzima. Uvimbe wa saratani ukionekana ungali mdogo, unaweza kukatwa au kuunguzwa, na mtu akaishi.