Soksi Mbili za Mchanga

Shikamooni wakubwa zangu. Na nyie mliojipanga kule nyuma na vifua vyenu, mambo? Nimeitwa nizungumzie mazoezi, nami nimekuja na hizi soksi. Kila moja ina nusu kilo ya mchanga, nimezipima kwenye mizani ya muuza mchele. Jimu yangu iko uani, na humo ndani sina kifaa ninachokipenda kuliko hizi. Vijana wangu wanazionea aibu.

Vyuma vyetu vya mtaani mnavijua: gia za lori, rimu, makopo yaliyojazwa zege. Kwangu kilicho chepesi kabisa kina kilo 5. Ukitaka kuongeza, unatia 5 huku na 5 huku. Mtu wa kilo 40 anajikuta ana 50, robo nzima imeongezeka kwa siku moja. Atapinda mgongo, atakirusha chuma kwa kiuno, kisha atakwambia ameweza. Soksi zinanipa 41.

Haya nimefundishwa na mgongo wangu mwenyewe. Nilikuwa na miaka 23, tukabishania soda, nikaongeza kilo 20 kwa mkupuo, nikakiinua chuma kutoka sakafuni. Soda nilikunywa. Viatu nilivalishwa na mdogo wangu wiki tatu.

Alikuwepo daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliyetibu askari wenye magoti mabovu wakati wa Vita Kuu ya Pili. Desturi ya siku zile ilikuwa kumpa mgonjwa uzito mwepesi, arudie mpaka achoke. DeLorme akageuza: akatafuta uzito ambao mtu anauweza mara 10 tu, basi, na kila wiki akaupima upya. Aliandika habari hizo mwaka 1945. Mwanzoni aliwapa seti nyingi, yaani mizunguko ya mara 10, baadaye akapunguza zikabaki tatu: nusu ya uzito ule, robo tatu, halafu wote. Kinachonivutia mimi ni kule kupima kila wiki. Hakubahatisha.

Kuna wanaopenda hadithi ya Milo, yule mwanamieleka Mgiriki wa kale wa mji wa Kroton, aliyembeba ndama kila siku mpaka ndama akawa fahali. Mimi hainikolei sana. Ndama hangoji mtu apone malaria. Halafu pigeni hesabu: kilo moja kwa wiki ni 52 kwa mwaka, miaka mitano ni 260. Nani hapa anazo? Wiki za mwanzo nguvu huja mbio kwa sababu ubongo unajifunza kuiamsha misuli uliyokuwa nayo tangu zamani. Misuli yenyewe inanenepa baadaye, na kano zinachelewa zaidi. Ndiyo maana kijana wa mwezi wa pili anajiona simba, na ndiye huyo huyo anayekuja kuniuliza dawa ya kiwiko. Baada ya hapo mwezi mzima unaweza kupita bila kuongeza kitu. Hujalogwa.

Sasa niwape habari ya mama mmoja, mtu wa miaka 61. Alikuja hataki misuli. Alitaka kuinuka kwenye mswala bila kushika ukuta. Sikumpa chuma. Nilimpa kiti cha kulia chakula: kaa, inuka, mara 6, mikono kifuani. Alipokizoea tukashuka kwenye stuli, kisha ndoo iliyofunikwa. Kwenye ndoo alikwama wiki nne, nikamrudisha kwenye stuli, akanuna. Tukarudi ndoo. Mwisho akaja na mbuzi yake ya kukunia nazi kutoka nyumbani, akaikalia, akainuka.

Muda wote huo nilikuwa naandika kwenye daftari la shule, tarehe, kiti gani, mara ngapi. Nawaandikia wote, maana kichwa cha mwanamichezo kinaongopa: kinakumbuka siku nzuri tu. Siku ile ya mbuzi nilimpa daftari lake alisome, ajionee alikotoka. Akavaa miwani, akafuata mistari kwa kidole, akafika katikati ya ukurasa wa pili, akasimama.

"Mwanangu, hii ya Alhamisi umekosea. Umeandika sita. Nilifanya tano, ya sita nilishika ukuta ulipokwenda kupokea simu."

Nikaifuta, nikaandika 5.