Stephen Hopkins wa Mayflower: ukimtafuta kwa jina unampoteza, mtafute kwa watoto

Asanteni jamani, karibuni, mliosimama pale mlangoni viti vipo huku mbele. Leo nina mtu mmoja tu, Stephen Hopkins, Mwingereza aliyefika Massachusetts na meli ya Mayflower mwaka 1620. Nimemchagua yeye kwa sababu wazao wake kule Marekani ni wengi mno na kwa miaka mingi walikuwa wanajihesabia ukoo ambao sio wao. Ilikuwa inasemwa katokea Gloucestershire, pande za Wotton-under-Edge, kisa kulikuwa na kina Hopkins kule, jina linafanana, basi imetosha. Wakampa na mke, Constance Dudley, mama ambaye hakuna karatasi hata moja inayomtaja, eti kwa vile binti wa Stephen aliitwa Constance. Mmoja kaandika, wa pili kakopi, wa tatu kapesti, na mpaka leo ukifungua miti ya ukoo onlaini utamkuta huyo mama katulia tuli kama vile aliishi. Mimi hii kitu inaniuma kweli, kwa sababu yupo mama wa kweli aliyewazaa wale watoto na yeye ndo kafutwa.

Sasa tumtafute. Unaanzia mwisho unakojua halafu unarudi nyuma, usianze Uingereza kuparamia kila Hopkins unayemwona. Karatasi ya kwanza ni orodha ya abiria aliyoiandika William Bradford, gavana wa Plymouth, lile koloni la watu wa Mayflower, karibu mwaka 1651. Na yenyewe ilinusurika tu, maana ule mswada wa Bradford wenye orodha hiyo ulipotea Boston wakati wa vita vya uhuru vya Marekani, ukaja kuonekana mwaka 1855 kwenye maktaba ya askofu wa London pale Fulham, ukarudishwa Massachusetts 1897. Bradford anasema Hopkins alikuja na mkewe Elizabeth, na watoto wawili, Giles na Constanta, yaani Constance, wote wa mke wa kwanza, halafu wawili wa huyu Elizabeth, Damaris na Oceanus, huyu wa mwisho kazaliwa baharini humohumo melini. Plus watumishi wawili.

Hebu rudieni hapo, "wote wa mke wa kwanza". Maneno machache hivyo lakini ndo ufunguo wenyewe! Kumbe hatumtafuti tena Stephen Hopkins, tunatafuta nyumba yenye Giles na Constance kwa pamoja, ambayo mama yao alifariki kabla baba hajaoa tena. Na kuoa tena tunakujua, kuna ndoa ya Stephen Hopkins na Elizabeth Fisher kwenye kitabu cha kanisa la St Mary pale Whitechapel, London, Februari 1618.

Nyumba hiyo ilikuja kupatikana Hursley, kijiji cha Hampshire karibu na Winchester, na mtafiti anaitwa Caleb Johnson akaichapisha mwaka 1998. Kwenye kitabu cha ubatizo wapo Elizabeth mwaka 1604, Constance tarehe 11 Mei 1606, na Giles tarehe 30 Januari 1607. Hapa ndo watu wanateleza. Piga hesabu, Mei mpaka Januari ni miezi minane na ushee, unaweza kusema hapana, hawa hawawezi kuwa wa mama mmoja, ukafunga kitabu ukaenda zako. Kumbe Waingereza mpaka mwaka 1752 mwaka wao mpya wa kisheria ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo Januari 1607 ya karani wa Hursley kwa hesabu yetu ni Januari 1608. Mwaka na miezi minane, mtoto anamfuata mwenzie vizuri kabisa. Ndo maana nawaambia kila siku mwaka uandikeni kwa hesabu zote mbili, 1607/8, msimsahihishie karani kimyakimya, atakayekuja nyuma yenu atasahihisha tena na mwaka utaruka mara mbili.

Na mama yao ni Mary. Kazikwa hapohapo Hursley tarehe 9 Mei 1613, na karatasi za mirathi yake zinawataja wale watoto watatu kwa majina, mali ikawekwa chini ya wasimamizi wa maskini wa kijiji mpaka watoto wakue. Wasimamizi wa maskini jamani! Baba yuko wapi?

Mwaka 1609 meli ya Sea Venture iliyokuwa inaenda Virginia ilipigwa na kimbunga ikakwama Bermuda na watu kama 150. William Strachey alikuwemo, kaandika habari ndefu, na ndani yake yumo Stephen Hopkins, karani wa mchungaji, msomaji wa zaburi, ambaye Januari 1610 alihukumiwa kifo kwa kuchochea uasi, akalia akamtaja mke wake na watoto watakaoangamia, akasamehewa, na manusura wakaja kufika Virginia. Hao mke na watoto sasa mnawajua. Na kuna kitu kidogo kinachomuunganisha huyu wa Bermuda na yule wa Mayflower: Novemba 1620 wanaume wa Mayflower wanatembea msituni Cape Cod wakakuta mti mchanga umekunjwa, chini zimemwagwa mbegu za mwaloni, hawaelewi, Hopkins akasema huu ni mtego wa kulungu. Bradford alikuwa nyuma, akaja kuangalia, mti ukafyatuka ukamdaka mguu. Hopkins alijulia wapi mitego ya wenyeji kama hakuwahi kuishi Virginia?

Tukivuka bahari kuna hati nyingine naipenda, mgawo wa ng'ombe wa Mei 1627, makundi 12 ya watu 13, majina yote ya koloni. Humo Constance anaitwa Constance Snow, yuko na Nicholas Snow. Tarehe ya ndoa hamna, lakini kabla ya siku hiyo alishaolewa, andikeni "kabla ya Mei 1627" na muishie hapo.

Halafu wosia wa mzee, tarehe 6 Juni 1644. Anaomba azikwe karibu na mke wake, kisha anagawa ng'ombe kwa majina yao, ng'ombe Motley nusu kwa binti yake Deborah nusu kwa binti yake Damaris. Constance Snow anapata farasi jike, Giles dume kubwa la ng'ombe lililokuwa kwa Bibi Warren. Yaani watoto wale wawili wa Hursley wako hapa, miaka 31 baada ya kumzika Mary, kwenye karatasi moja na baba yao.

Na shilingi 20, ada ya kulikodisha lile dume, anampa mjukuu, mtoto wa Giles, anayeitwa Stephen Hopkins. Jina lilelile tena. Tunywe chai kwanza, tukirudi tunaanza na huyo kijana.