Pampu ya Umeme ya Mafuta: Lini Iwashwe, Lini Izimwe

Mabibi na mabwana, nianze na Piper Cherokee, ndege ndogo ya injini moja. Mabawa yake yako chini na matangi yamo ndani ya mabawa hayo, kwa hiyo mafuta hayawezi kuteremka yenyewe hadi kwenye injini kama yafanyavyo katika ndege za Cessna 172 za zamani zenye kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), ambazo mabawa yake yako juu ya rubani. Pampu inayoendeshwa na injini huyavuta kutoka chini, na ikifa ndege inapopaa, ni ile ya umeme pekee itakayoinusuru injini. Ndiyo maana huwashwa wakati wa kupaa, wa kutua na wa kubadili tangi.

Hata hivyo, kujua lini izimwe kuna uzito uleule. Kabla ya kuwasha injini, iwasheni mtege sikio: itagonga tik-tik-tik mbele ya miguu yenu na mshale wa geji ya shinikizo la mafuta utapanda, basi mmejua kuwa ni nzima. Injini ikishawaka, izimeni; mshale ukibaki kwenye eneo la kijani la geji, kati ya paundi 0.5 na 8 kwa inchi ya mraba, hiyo ni kazi ya pampu ya injini. Vivyo hivyo angani, mkishafika kimo cha usalama, izimeni, kidole kiwe kwenye swichi na jicho kwenye geji, kwa maana anayeiacha ikiwaka safari nzima hujinyima habari kwamba pampu ya injini imeshakufa.

Tena lipo suala la joto. Petroli inapovutwa, shinikizo hupungua bombani nayo huchemka upesi, hasa mchana katika uwanja ulioinuka kama Wilson wa Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Pampu ya umeme, kwa kuwa husukuma, huubana mvuke huo usizibe njia.

Msihamishie mazoea haya kwenye Cessna 206 za zamani zenye injini ya Continental. Humo hakuna kabureta ya kuzuia mafuta ya ziada. Shinikizo likizidi kwa kuwa pampu mbili zinasukuma pamoja, mchanganyiko hujaa petroli na injini huweza kuzimika, ingawa pampu zote mbili ni nzima. Swichi ya pampu yake ya umeme imegawanyika, na nusu nyekundu, ya nguvu kubwa, ni ya dharura: rubani huishikilia kwa kidole, na akiiachia, springi huirudisha.