Jua Halizami Jambiani

Assalaam alaykum. Nimeitwa kuzungumzia hisia katika picha za mandhari ya pwani, na wanaonijua washajua naanzia wapi.

Piteni Mji Mkongwe hapa Unguja, duka hadi duka. Jua jekundu linazama baharini, jahazi jeusi, mnazi umeinama. Chini imeandikwa "Jambiani". Jamani! Jambiani inatazama mashariki. Jua pale huchomoza baharini, na likizama liko mgongoni kwako, nyuma ya minazi na mapaa ya nyumba. Anayetaka kuliona likizama majini aende Kendwa, au akae hapo Forodhani na urojo wake. Mchoraji huyu hakwenda Jambiani. Alikwenda kutazama picha ya mwenziwe.

Mtaniambia mgeni ndiye mnunuzi, na mgeni anataka wekundu. Haya, auziwe. Lakini muulizeni mgeni huyohuyo kilichomgusa. Atakwambia: saa nne asubuhi ya bamvua, mawingu yametanda, maji yamekupwa hadi karibu na mwamba, kina mama wameinama kwenye vigingi vya mwani, mchanga umelowa na mbingu yote imelala juu yake, hujui maji yanaishia wapi. Wekundu uko wapi hapo? Kuna kijivu, na kijivu kingine, na kanga moja ya manjano mbali kule. Hiyo kanga ndiyo inayokuliza, kwa sababu vingine vyote vimenyamaza.

Claude Monet, mchoraji wa Kifaransa, alichora bandari ya Le Havre, kwao Ufaransa, mwaka 1872. Jua lake ni doa la rangi ya chungwa ndani ya ukungu. Itazameni picha ile kwa nyeusi na nyeupe: jua karibu linapotea, maana mwangaza wake unalingana na wa mbingu iliyolizunguka. Rangi inalitenga, mwangaza unalirudisha, na jicho halitulii. Sisi jua tunaliwasha kama taa ya karabai, jahazi jeusi tii, halafu tunalalamika picha haina hisia!

"Huyo ana ukungu wa Ulaya, sisi hatuna." Hatuna? Simameni Forodhani wakati wa masika, mvua ikiingia, mtazame kisiwa cha Changuu kinavyofutika. Kwanza hafifu, kisha hakipo. Basi kichoreni kikiwa hafifu! Cha mbali kififie, cha karibu kikolee. Hilo halihitaji rangi ya kununua.

Saa sita mchana msichore, jua liko utosini na vivuli vimekimbia. Magharibi yetu ni fupi, dakika 20 hivi giza limeshaingia, kwa hiyo andikeni rangi kwa penseli pembeni ya karatasi. Pepo za kusi na za kaskazi zina mbingu mbalimbali. Wavuvi wanayajua haya kuliko mimi, waulizeni.

Naoneshwa saa. Upeo wa macho, uwe juu au chini ya picha, nilikuwa nao, tunauacha. Maswali sasa, na tafadhali, la kwanza lisiwe la bei.